Kila Doa Lina Aliyelitia

Mwaka 1939, vita vilipozuka Ulaya, kijana mmoja mrefu aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam alipanda gari lake, akashika njia ya Nairobi kwenda kujiandikisha katika Jeshi la Anga la Uingereza. Aliitwa Roald Dahl. Huenda mmesoma vitabu vya watoto alivyokuja kuviandika baadaye. Nairobi ndiko alikoanza kujifunza urubani. Mwaka uliofuata alianguka na ndege jangwani, kaskazini mwa Afrika, akaumia vibaya kichwani. Alipopona, Aprili 1941, alivuka Bahari ya Mediterania kutoka Misri hadi Ugiriki, peke yake ndani ya ndege ya kivita iitwayo Hawker Hurricane.

Hiyo ndiyo ndege tutakayoipaka rangi, wanangu, katika modeli ya plastiki ya kipimo cha 1/72. Hurricane halisi ilikuwa na upana wa mita 12.2 toka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Yetu haifiki sentimita 17. Dahl mwenyewe, aliyekaribia mita mbili, hapa angekuwa na urefu wa sentimita tatu kasoro. Hesabu hiyo iwekeni akilini kabla ya kushika brashi, kwa sababu mkwaruzo wa milimita moja kwenye modeli ni mkwaruzo wa zaidi ya sentimita saba kwenye ndege. Ukiitapakaza ndege yako mikwaruzo ya ukubwa huo, fundi yeyote wa enzi zile angeuliza nani aliyeipiga kwa shoka.

Rangi ya kwanza haina mambo mengi. Osheni vipande kwa maji ya sabuni, maana plastiki hutoka kwenye kalibu ikiwa na utelezi unaokataa rangi. Pakeni undakoti nyembamba, kisha juu mabaka ya kahawia ya udongo na kijani kilichokoza, na chini rangi nyepesi ya anga. Tabaka mbili nyembamba zinashinda moja nzito. Zikishakauka, pulizieni vanishi ya kung'aa kabla ya kubandika zile stika za kuloweka majini. Juu ya rangi iliyoparara stika hubana hewa chini yake na kuacha weupe usiofutika.

Sasa ndege ni safi, na haijawahi kuruka. Kuichakaza ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na hapa namwomba kila mmoja wenu asitie doa lolote kabla ya kujua limetoka wapi.

Tuanze na mkwaruzo wa fedha, ule unaoonyesha bati chini ya rangi. Wengi huusambaza mwili mzima. Lakini Hurricane, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1935, ilikuwa ndege ya njia panda kati ya zama mbili. Sehemu ya mbele ilifunikwa mabati. Nyuma ya rubani, hadi mkiani, ilikuwa ni kitambaa cha kitani kilichovutwa juu ya mbao na mabomba ya chuma. Kitambaa hakina bati la kufichua! Tazameni modeli yenu kwa karibu: mtaona migongo myembamba inayokwenda mkiani, ambapo kitambaa kimelalia mbao. Huko nyuma tieni uchafu, vumbi, hata kiraka cha rangi mbichi kidogo mahali risasi ilipopenya na mafundi wakashona. Fedha ibaki mbele: kwenye vifuniko vya injini vilivyofunguliwa kila siku kwa bisibisi, na kwenye shina la bawa la kushoto. Kwa nini la kushoto? Kwa sababu rubani alipandia upande huo, kwenye kidato cha chuma, na viatu vyake vilisugua palepale kila safari. Chukueni kipande kidogo cha sponji, kichovyeni kwenye rangi ya fedha, kifuteni kwenye karatasi hadi kikaribie kukauka, ndipo mguse bati kidogo tu.

Masizi nayo yana asili yake. Injini ya Merlin ina silinda kumi na mbili, sita kila upande, na moshi wake hutokea ubavuni na kurudishwa nyuma na upepo. Sageni chaki nyeusi na ya kahawia, pakeni unga wake kwa brashi laini kutoka mbele kwenda nyuma. Katikati ya doa wekeni kijivu kidogo, kwa kuwa petroli ya ndege wakati ule ilitiwa risasi, yaani ile metali, na mabaki yake ni meupe meupe. Kila kitu kinachomwagika kwenye ndege hufuata upepo, iwe oili, masizi au maji ya mvua, kwa hiyo hata mkitia rangi nyembamba kwenye maungio ya mabati na kufuta inayozidi, vuteni kitambaa kuelekea mkiani.

Mabawa yalibeba bunduki nane, nne kila upande. Kabla ya kuruka, mafundi walibandika vipande vya kitambaa kwenye matundu ya mitutu ili vumbi na unyevu visiingie. Risasi ya kwanza ilivitoboa. Ndege yenye vitambaa vizima haijapigana siku hiyo, na chini ya mabawa yake pasiwe na weusi wa baruti. Ndege iliyorudi vitani ina vitambaa vilivyochanika na michirizi myeusi nyuma ya kila tundu. Chagueni moja. Mkivichanganya, mtakuwa mmesema uongo juu ya asubuhi ya mtu fulani.

Na asubuhi hizo zilikuwa za kweli. Tarehe 20 Aprili 1941 Dahl alipigana angani karibu na Athens dhidi ya ndege nyingi za Wajerumani, na siku hiyohiyo Pattle, rubani hodari wa Afrika Kusini aliyewaongoza Dahl na wenzake, aliuawa. Hurricane za Ugiriki hazikuishi muda mrefu. Nyingi ziliangushwa au kuteketezwa zikiwa chini. Kwa sababu hiyo msizipaushe kama kanga iliyosahaulika juani. Ipeni yenu matope ya masika kwenye magurudumu, masizi mengi, rangi ambayo bado ina nguvu, kisha fungeni kazi kwa vanishi isiyong'aa. Anayetaka kuonyesha rangi iliyoliwa na jua achague Hurricane iliyokaa miezi jangwani, na huko mabaka ya juu yalikuja kuwa kahawia na rangi ya mchanga, bila kijani.