Barbados: Fungate Sawa, Nyumba Je?

Kama wewe na mwenzako mnaota fungate ya Karibi, mimi nawapigieni debe Barbados. Kisiwa chenyewe kidogo, kilometa za mraba 430 tu, na gari linaendeshwa kushoto kama kwetu. Upande wa magharibi, kule Holetown, bahari imetulia kabisa. Ukihamia mashariki, Bathsheba, unakuta mawimbi ya kutisha. Ijumaa usiku watu wanamiminika Oistins kula samaki wa kuchoma na kucheza muziki. Na usishangae ukiletewa cou-cou: ni unga wa mahindi uliosongwa na bamia, binamu kabisa wa ugali wetu!

Jambo moja la safari: ukipitia Marekani, viza ya huko lazima, hata kama unabadilisha ndege tu.

Sasa, tatizo la kisiwa kizuri ni kwamba siku ya tatu mume anaanza kusoma mabango ya nyumba zinazouzwa. Wangu alianza. Nikamwambia, "Mpenzi, bahari nimeiona. Karatasi je?"

Karatasi ziko hivi. Mgeni anaruhusiwa kununua nyumba na ardhi Barbados. Lakini hela za kigeni mnazoingiza lazima zisajiliwe Benki Kuu yao. Mkilipuuza hilo, siku mkiuza mtahangaika kuzitoa pesa zenu nchini. Raha ni kwamba dola yao haiyumbi: tangu 1975 dola 2 za Barbados ni dola 1 ya Marekani. Karaha ni kodi ya ardhi kila mwaka, pamoja na bima, maana msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita kusini mwa kisiwa na kuvunja mashua nyingi za wavuvi.

Ushauri wangu? Pangeni kwanza. Tangu 2020 kuna kibali kiitwacho Welcome Stamp cha kukaa miezi 12 huku ukifanya kazi yako ya nje kwa intaneti. Ada ni dola za Marekani 2,000 kwa mtu mmoja au 3,000 kwa familia, na kipato kisipungue dola 50,000 kwa mwaka. Si hela ya mboga, lakini kukosea nyumba ni ghali zaidi.

Kule utaona nyumba ndogo za mbao za rangirangi. Baada ya utumwa kwisha, vibarua wengi walimiliki nyumba bila ardhi, hivyo walizijenga za kubomoleka, wakifukuzwa wanahama nazo. Basi nanyi ulizeni mapema: ardhi ya nani, hati ya nani? Tafuteni wakili wenu wenyewe, siyo wa muuzaji. Na kama akiba ni ya wawili, hati iwe na majina mawili. Mapenzi matamu, jamani, lakini hati haisomi moyo.