Kujilipia Ada kwa Kazi ya Ofisini: Mfano wa Shule ya Cristo Rey, Chicago

Kila ifikapo Januari tunapokea wazazi wenye shida ile ile. Mtoto amefaulu, amepata nafasi katika sekondari ya dhehebu, lakini ada haipo. Ni kweli kwamba tangu 2016 shule za sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne. Hata hivyo shule za dini huishi kwa ada, na fedha za ufadhili tulizo nazo huisha kabla foleni haijaisha. Ndiyo maana katika toleo hili tumeona vema kueleza jinsi shule moja ya Kikatoliki huko Marekani ilivyolikabili tatizo hilo, kwa kuwa njia yake inafanana kidogo sana na harambee na wafadhili tuliowazoea.

Shule hiyo ni Cristo Rey, iliyofunguliwa na mapadre Wajesuiti mwaka 1996 katika mtaa wa Pilsen, mjini Chicago. Wakazi wa mtaa huo wakati huo walikuwa kwa sehemu kubwa wahamiaji kutoka Meksiko na watoto wao. Kabla ya kujenga chochote mapadre walipita kuwauliza watu wanahitaji nini, na jibu likawa sekondari nzuri ya Kikatoliki kwa ajili ya vijana wao. Mkuu wa kwanza alikuwa Padre John Foley, aliyekuwa ametumikia Peru kwa zaidi ya miaka 30. Nia ilikuwapo na wanafunzi walikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kulipa, kwa sababu familia zenyewe zilikuwa za kipato cha chini, na wafadhili hawakuweza kubeba shule nzima mwaka baada ya mwaka.

Mshauri mmoja wa mradi, Richard Murray, ndiye aliyetoa wazo: kwa nini wanafunzi wasifanye kazi?

Mpango wenyewe ni wa hesabu rahisi. Kampuni, benki, hospitali au ofisi ya mawakili inatoa nafasi moja ya kazi ya karani, siku tano kwa juma. Nafasi hiyo hugawanywa kwa wanafunzi wanne. Kila mmoja ana siku yake moja katika juma, na siku ya tano wanaipokezana, hivyo kwa mwezi kila mwanafunzi anafanya kazi takriban siku tano. Siku nyingine zote yuko darasani. Ratiba ya masomo imepangwa ili asikose vipindi anapokuwa kazini, na muda wa shule umerefushwa kufidia. Mwajiri hawalipi wanafunzi mkononi. Anailipa taasisi ya kazi ya shule, na fedha hizo zinaingia kwenye ada. Mzazi huongeza kiasi kulingana na uwezo wake, na pengo linalobaki huzibwa na wafadhili. Kwa hiyo wafadhili bado wapo, lakini mzigo wao umepungua sana.

Kazi zenyewe si za ajabu: kupanga mafaili, kupokea simu, kudurufu, kuingiza takwimu kwenye kompyuta, kukaa mapokezi. Kabla ya kupelekwa, mtoto wa miaka 14 hufundishwa kwanza wakati wa likizo namna ya kusalimia, kuvaa, kujibu simu, na kuuliza pale asipoelewa badala ya kunyamaza. Hilo la mwisho tunadhani lina uzito kuliko yote. Mwanafunzi anayefukuzwa kazini hurudishwa kwenye mafunzo, kisha hutafutiwa mahali pengine. Msimamizi wa kazi huandika tathmini yake kama mwalimu anavyoandika ripoti.

Sasa tufike kwenye swali ambalo msomaji makini ameshaliuliza moyoni: je, hii siyo ajira ya watoto iliyovikwa joho? Swali ni la haki. Marekani nako liliulizwa, kwa sababu sheria yao ya kazi ya mwaka 1938 iliwazuia watoto wa miaka 14 na 15 kuajiriwa wakati wa saa za shule. Mwaka 2010 Idara ya Kazi ya nchi hiyo ilitoa kanuni maalumu kwa mipango ya namna hii. Mwanafunzi wa umri huo anaruhusiwa siku moja kwa juma, isiyozidi saa 8, na kila juma la nne anaweza kuongezewa siku moja. Kazi za hatari zimekatazwa kabisa. Maana yake ni kwamba hesabu ya siku tano kwa mwezi haikuachwa mikononi mwa mwajiri, wala ya mkuu wa shule anayehangaikia bajeti.

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyefikia miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru afya wala kumzuia kuhudhuria masomo. Shule yoyote itakayotaka kuiga mfano huu ianze kusoma hapo, kabla ya kumwendea mwajiri yeyote.

Wengi wetu tuliosoma enzi za Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, tunakumbuka shamba la shule. Wazo lilikuwa jema. Lakini mahali pengi jembe liligeuka kuwa adhabu ya wachelewaji, mahindi yalivunwa bila mwanafunzi kuonyeshwa hesabu yake, na somo la kilimo lilibaki ubaoni. Tofauti tunayoiona Chicago si aina ya kazi. Ni kwamba kila mtoto anajua kazi yake imelipa sehemu gani ya ada yake, na kuna mtu mzima anayewajibika kumfundisha.

Mfano huu una udhaifu wake. Kampuni ikifuta nafasi moja, wanafunzi wanne wamepoteza kazi kwa mara moja. Mwaka 2020, ofisi zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, ilibidi zitafutwe kazi za kufanyika nyumbani kwa kompyuta. Pia mpango unahitaji mji wenye ofisi nyingi. Leo kuna shule karibu 40 katika mtandao wa Cristo Rey, na nyingi ziko katika miji mikubwa ya Marekani.

Kwa shule zetu zilizo vijijini, mwajiri wa karibu huenda akawa zahanati, chama cha ushirika, ofisi ya parokia au karakana ya useremala. Hao hawana fedha za benki ya Chicago, na pengine wataweza kulipia nusu ya ada ya mwanafunzi mmoja tu. Tunawaomba wakuu wa shule watuandikie kabla ya toleo lijalo: ni waajiri wangapi walio umbali wa kutembea kutoka shuleni kwenu, na ni nani kati yao angekubali kukaa na mwanafunzi siku moja kwa juma na kumfundisha kazi?