Mwanga Unalipwa kwa Kubeba, Hesabu Bado

Lightmatter ya Marekani ilianzishwa mwaka 2017 na vijana waliotoka chuo cha MIT, kwa ahadi ya kompyuta inayopiga hesabu kwa mwanga. Oktoba 2024 ilichangisha dola milioni 400 na kuthaminiwa kuwa na dola bilioni 4.4. Fedha hizo, hata hivyo, zilikuwa za kuingiza sokoni Passage, teknolojia yake ya kusafirisha data kwa mwanga kutoka chipu moja hadi nyingine. Hesabu zimewekwa kiporo.

Si kwamba mwanga haujui hesabu. Katika miaka ya 1950, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walirekodi mwangwi wa rada ya ndege kwenye filamu. Ukiitazama filamu ile kwa macho, unaona michirizi mitupu. Walipoipitisha mbele ya taa na safu ya lenzi, upande wa pili ikatoka picha ya ardhi iliyorukwa na ndege. Lenzi inafanya kwa mkupuo mmoja hesabu ya Fourier, ya kuichambua ishara katika mawimbi yanayoiunda, ambayo kompyuta za enzi zile zingekesha zikiifanya, na yenyewe haili umeme. Kompyuta za kidijitali ziliposhuka bei na kupata nguvu, kazi ile ikahamia kwao.

Kikwazo kiko kwenye maumbile ya mwanga wenyewe. Miale miwili ikikutana hupishana bila kudhuriana. Kwa msafirishaji hiyo ni neema. Kwa mtengeneza kompyuta ni balaa, maana swichi inahitaji ishara moja iweze kuizuia nyingine. Isitoshe, tarakimu lazima zigeuzwe kuwa mwanga, kisha zirudishwe kuwa umeme ili zihifadhiwe, na kila mgeuzo una ushuru wake. Aprili 2025 Lightmatter ilichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kichakataji chake cha mwanga, kilichoendesha mifumo ya kutambua picha na kuchambua lugha kwa usahihi unaokaribia ule wa chipu za kawaida. Ni kazi ya kupigiwa saluti. Lakini kilitumia wati 78 za umeme kwa wati 1.6 tu za mwanga.

Wengine wamekwishageuza tanga. LightOn ya Ufaransa ilianza mwaka 2016 na kichakataji cha mwanga. Ilipoingia soko la hisa la Paris Novemba 2024, ilikuwa muuzaji wa programu za akili mnemba. Wanaobeba data ndio wanaogombewa. Desemba 2024 Ayar Labs, inayounganisha chipu kwa mwanga, ilipata dola milioni 155, na miongoni mwa waliochangia ni AMD, Intel na Nvidia, mahasimu watatu ndani ya chungu kimoja. Machi 2025 Nvidia nayo ikatangaza swichi za vituo vya data zenye vifaa vya mwanga ndani yake.

Biashara hiyo ya kubeba data kwa mwanga pwani yetu inaijua tangu 2009, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipotua. Kinachobadilika sasa ni umbali: kutoka maelfu ya kilomita hadi sentimita chache.

Kwa hiyo, ukiletewa andiko la kampuni inayotafuta mtaji wa kompyuta ya mwanga, usihesabu wati zinazopita kwenye kioo. Uliza ngapi zinatoka kwenye plagi.