Samaki wa Miambani, Tangi la Kioo na Kidonda Kisichopona

Katika nyufa za miamba ya Ziwa Tanganyika huishi samaki mwembamba mfano wa ubao, ambaye wanasayansi humwita Altolamprologus compressiceps. Ni wa jamii moja na perege, ila ni mwindaji. Ubapa wa mwili wake ndio silaha yake: hupenya palipo finyu, akawanyakua kamba wadogo na vifaranga vya samaki waliodhani wamejificha. Kwa umbo hilo la ajabu amependwa mno na wafugaji wa samaki wa mapambo, hata huko Ulaya na Marekani.

Kumfuga, hata hivyo, kunahitaji subira. Maji ya Tanganyika yana alikali nyingi, pH yake ikikaribia 9, na joto lake hubadilika kidogo sana. Samaki aliyezoea utulivu huo hudhoofika upesi maji ya tangi yanapochafuka au yanapobadilishwa yote kwa mkupuo. Hukua polepole, na hula kwa tahadhari, akikitazama chakula kwa muda mrefu huku majirani wenye pupa wakikimaliza. (Majirani wadogo wanaoenea kinywani mwake, nao humalizwa.) Basi mfugaji mwema hubadilisha sehemu ndogo ya maji kila wiki, hufyonza uchafu, huondoa mabaki ya chakula na kuyapanga upya mawe. Mkono wake hauishi kuingia majini, na hapo ndipo habari za samaki huyu zinapomhusu mhudumu wa afya.

Mwaka 1926 bakteria aitwaye Mycobacterium marinum alielezwa kwa mara ya kwanza, kutoka kwa samaki waliokufa katika matangi ya maonyesho huko Philadelphia, Marekani. Ni wa ukoo mmoja na bakteria wa kifua kikuu. Huingia mwilini kupitia mchubuko, uwe wa jiwe, wa ukingo wa kioo au wa mwiba wa pezi. Kwa kawaida baada ya wiki 2 hadi 4, na pengine miezi kadhaa, hutokea kinundu kwenye kidole au mgongo wa kiganja. Mara nyingi hakiumi sana. Huweza kuchimbika kikawa kidonda, na vinundu vingine vikafuatana kwa mstari kuupanda mkono. Bakteria huyu hustawi kwenye joto la nyuzi 30 hivi. Ndiyo maana hupenda ngozi ya mikono, iliyo baridi kuliko viungo vya ndani.

Hatari kubwa ni kuchelewa. Mgonjwa amekwisha kuusahau mchubuko wenyewe. Hupewa dawa za kawaida za vidonda, kisha nyingine, pengine na krimu ya steroidi inayozidisha madhara, hadi maambukizi yafikie kano au kiungo na kuhitaji upasuaji. Swali moja, “Je, unafuga samaki?”, lingeokoa miezi mingi, nalo ni rahisi kuliko kipimo chochote.

Vipimo vyenyewe vinaweza kupotosha. GeneXpert hutafuta kundi la bakteria wa kifua kikuu, hivyo majibu hasi hayamwondoi M. marinum. Kipimo cha ngozi cha kifua kikuu, kwa upande mwingine, huweza kuwa chanya kwa sababu ya udugu wao. Anayepeleka kinyama maabara aandike wazi kwamba mgonjwa hufuga samaki, ili kioteshwe kwenye nyuzi 30 pia. Kwenye nyuzi 37 pekee huenda kisiote kitu. Isoniazidi na pirazinamidi kwa kawaida hazimwezi bakteria huyu. Daktari huchagua mara nyingi dawa mbili, kwa mfano klarithromaisini pamoja na ethambutoli au rifampisini, nazo huendelea kwa mwezi 1 hadi 2 baada ya ngozi kupona.

Ugonjwa huu hauambukizwi na mtu kwa mtu, wala hapana haja ya kumtupa samaki. Mfugaji avae glovu ndefu za mpira, alishe kwa koleo ndefu, na afunike kila mchubuko kabla ya kugusa maji. Asianzishe mpira wa kufyonzea maji kwa mdomo. Mwenye kinga dhaifu, kwa sababu ya VVU au dawa za kupandikizwa figo, amwachie mwingine kazi ya kusafisha. Vifaa vya tangi visioshewe kwenye sinki la vyombo vya kulia.