Betri Ifike Nzima

Nyuma ya gereji nyingi pana kona ya betri zilizokufa. Zimesukumwa ukutani, zimeshika vumbi, na vichwa vyake vimeota chumvi nyeupe. Siku mnunuzi wa skrepa anapokuja na mizani yake, kijana wa gereji hutangulia kuzipindua moja moja juu ya mtaro. Maji ya betri huchuruzika, saruji hutoa povu, na harufu kali huchoma pua. Dakika chache baadaye kazi imekwisha. Mnunuzi hataki kulipia uzito wa maji, wala mkokoteni hauwezi kubeba kitu kinachovuja. Kwa macho ya wote waliopo pale, betri imesafishwa.

Mimi ni mkemia, na kazi yangu ni taka za viwandani. Kwangu, kilichotokea pale mtaroni ni kinyume cha usafi. Kabla ya kupinduliwa, betri ile ilikuwa chombo kilichofungwa, sumu yake yote ikiwa ndani na ikijulikana ilipo. Baada ya kupinduliwa, sehemu ya sumu hiyo imeingia ardhini, na hakuna atakayeweza kuikusanya tena. Taka ya hatari imezaliwa pale, kwa mkono wa kijana ambaye hakuna aliyemwambia.

Tuifungue betri tuone kilichomo. Ya gari dogo huwa na uzito wa kilo 15 hadi 20, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni risasi, metali laini, nzito na ya kijivu, iliyoipa risasi ya bunduki jina lake. Sehemu moja ya risasi hiyo ni vyuma vya wavu vinavyoshikilia sahani. Sehemu nyingine ni ujiuji mgumu uliopakwa juu ya wavu, ambao ndio hasa unaohifadhi umeme. Sahani hizo huogelea katika tindikali ya salfuriki iliyochanganywa na maji, na vyote vimefungwa ndani ya sanduku la plastiki. Betri ikizeeka, ule ujiuji humomonyoka na kushuka chini kama tope. Kwa hiyo yale maji yanayomwagwa mtaroni si tindikali tupu. Yana chembe za risasi ndani yake.

Lakini betri hii ni kati ya bidhaa zinazorejelezwa vizuri kuliko zote duniani. Risasi haichakai kwa kuyeyushwa: ya betri ya leo inaweza kuwa betri ya kesho, na ya kesho kutwa. Plastiki yake husagwa ikawa sanduku jipya. Nchini Marekani karibu betri zote za aina hii, asilimia 99, hurudi kiwandani. Ujuzi upo tangu zamani. Tatizo letu liko katika safari ya betri, tangu inapokufa hadi inapofika tanurini.

Safari hiyo huharibika kwa urahisi kwa sababu risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 tu za Selsiasi. Jiko la mkaa na mvukuto vinatosha. Mtu akiwa na shoka la kupasulia sanduku na sufuria kuukuu, tayari ana kiwanda uani. Ila moto huo mdogo huyeyusha vyuma vya wavu peke yake. Ule ujiuji unahitaji tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1,000 pamoja na kaboni ndipo utoe risasi yake. Fundi wa uani hana joto hilo, kwa hiyo huukung'uta na kuutupa. Hapo anakuwa ametupa sehemu ya hatari kuliko zote, maana ukikauka huwa unga, na unga huo hupeperuka hadi kwenye vyombo, kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye vidole vya mtoto anayetambaa.

Mtoto ndiye anayelipa zaidi. Risasi ikiingia mwilini hujifanya kalsiamu na kupita milango ile ile ambayo mwili huifungulia kalsiamu. Tumbo la mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya la mtu mzima, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Dalili nazo hudanganya: tumbo linauma, hamu ya kula inapotea, damu inapungua, na hali ikizidi, degedege. Nyumba zetu nyingi zitafikiria malaria au minyoo kwanza. Risasi nyingine hujificha mifupani kwa miongo, na mwanamke akipata mimba hurudi kwenye damu na kumfikia aliye tumboni. Zipo dawa za kuipunguza mwilini ikiwa nyingi, lakini haziurudishi ubongo ulioharibika. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Haya yameshatokea barani kwetu. Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, palikuwa mahali pa kupasulia betri kwa miaka mingi, hata mchanga wa mtaa ukajaa risasi. Bei ilipopanda, watu walianza kuuchekecha mchanga huo wapate vipande vya kuuza, na vumbi likajaa majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Mama zao walikuwa wakitafuta riziki kwa chekeche, na sumu ilikuwa kwenye vumbi lililopita tunduni.

Mombasa nayo ina Owino Uhuru, mtaa wa watu wapatao 3,000 huko Mikindani. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi jirani yao kabisa. Moshi ulishuka kwenye mapaa na maji machafu yakatiririka mtaani. Phyllis Omido, mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliuguliwa na mwanawe mchanga. Mtoto alitibiwa magonjwa mengine kwanza, mpaka vipimo vilipoonyesha kuwa ana risasi mwilini. Mama huyo aliacha kazi, akaanza kuwapigania majirani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulitenguliwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024.

Owino Uhuru inatufunza jambo ambalo Thiaroye peke yake isingetufunza. Pale Mombasa hapakuwa na shoka la uani. Palikuwa na kiwanda chenye tanuri na wafanyakazi. Kumbe kuwa na kiwanda hakutoshi. Betri lazima ifike nzima, na lazima ifike mahali panapostahili.

Mahali hapo pakoje? Betri huvunjwa na mashine ndani ya chumba kilichofungwa, vipande vikatumbukizwa kwenye maji: plastiki huelea, risasi huzama, na kila kimoja hushika njia yake. Tindikali hukusanywa na kuondolewa ukali kwa soda au chokaa kabla tone lolote halijatoka getini. Moshi wa tanuri hufyonzwa na kupitishwa kwenye vichujio vya mifuko, na vumbi linalonaswa humo hurudishwa motoni kwa kuwa nalo ni risasi. Mabaki ya tanuri, yale wahunzi wanayoyaita mavi ya chuma, hupimwa, na yakikutwa na sumu huzikwa kwenye shimo lililotandikwa lisilovuja. Mfanyakazi huoga kabla ya kwenda nyumbani, ovaroli yake hufuliwa palepale, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Ukitembelea kiwanda ukaona ovaroli zikienda nyumbani mgongoni mwa wafanyakazi, huna haja ya kusubiri ripoti ya maabara.

Yote hayo yana gharama, na hapo ndipo penye fundo. Fundi wa uani hanunui kichujio, halipii chokaa, hapimi damu ya mtu. Kwa hiyo anaweza kumpa muuzaji bei nzuri kuliko kiwanda kinachofuata sheria. Gharama aliyoikwepa haikupotea. Imehamia kwenye damu ya watoto wa jirani, ambao hakuna aliyewauliza.

Wanaoweza kulifungua fundo hili si wachuuzi wa mikokoteni. Ni wenye betri nyingi: kampuni za mabasi na malori, za minara ya simu, benki na hospitali zenye betri za akiba, wauzaji wa sola. Ukiwa msimamizi wa mojawapo, mambo yako ni machache. Betri zilizokufa zisimamishwe wima chini ya paa, juu ya trei isiyopitisha tindikali, mbali na mtaro. Vichwa vyake vifunikwe visigusane vikatoa cheche. Zihesabiwe, ziandikwe, na apewe mkusanyaji mwenye kibali peke yake, kisha udai karatasi inayoonyesha zilipofika. Zabuni yako isitazame bei ya juu tu. Anayelipa sana kuliko wote mara nyingi ndiye asiyelipia kichujio.

Serikali nazo zina mlango wa kuanzia. Kenya, kwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, imeweka wajibu wa mzalishaji: anayeingiza bidhaa sokoni awajibike hata ikishakufa. Kwa betri, wajibu huo unaweza kuanzia dukani. Wauzaji wengi wa betri tayari hupunguza bei ya mpya ukiwarudishia ya zamani. Punguzo hilo litolewe kwa betri nzima, yenye maji yake ndani, na lizidi kile anachotoa mnunuzi wa betri kavu.

Turudi gereji. Kijana yule hana ubaya na mtu. Anafanya hesabu ambayo sisi tumempangia, na katika hesabu hiyo maji ya betri hayana bei, kwa hiyo anayamwaga. Siku betri yenye maji yake itakapomlipa kuliko iliyokauka, hatahitaji semina wala bango. Ataisimamisha wima ukutani na kumzuia mwenzake asiipindue.