Siku Tuliyokanyaga Sifuri

Sogeeni hapa motoni, wajukuu zangu, mvua hii haikatiki leo. Mmoja wenu amefundishwa shuleni kwamba Kilimanjaro ina mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, akaniuliza, "Babu, huo usawa wa bahari uko wapi?" Ameuliza la maana sana. Mimi na bibi yenu tumefika huko, tena tulikwenda na Kilimanjaro.

Ndiyo, Kilimanjaro. Pale Dar es Salaam kuna boti za kasi ziendazo Unguja, zimepewa jina la mlima wetu. Bibi yenu, mtoto wa kihambani, alisimama gatini akasoma yale maandishi ubavuni mwa boti, akanishika mkono. "Mzee," akasema, "mlima umetutangulia."

Tuliondoka saa moja asubuhi. Kwa saa mbili hivi ikawa maji, maji, maji. Sisi watu wa mlimani macho yetu yamezoea kugota mahali: mgomba, kilima, kilele cha Kibo chenyewe. Siku ile macho yalikwenda yakakosa pa kutua. Bibi yenu alitapika, akapewa tangawizi, akatulia.

Unguja tulimpata kijana mwenye mashua ya injini. "Shikamoo mzee, shikamoo mama. Twendeni Changuu mkawaone kobe." Changuu ni kisiwa kidogo mbele ya Mji Mkongwe. Mwaka 1893 ilijengwa jela pale, lakini majengo yakaja kutumika kuwatenga wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Kwenye zile kuta hatukukaa sana. Bibi yenu alitaka kobe.

Msifikirie kobe yule mdogo anayekatiza shambani. Hawa ni wakubwa kama mawe ya mtoni. Wa kwanza wanne waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na kobe wa aina hii huweza kuishi zaidi ya miaka 100. Migongoni wameandikwa umri wao kwa rangi. Bibi alichuchumaa mbele ya mmoja, akamnyooshea jani. Kobe akatoa shingo polepole, ngozi imekunjamana kama kiwiko changu, jicho jeusi lenye majimaji likamtazama bibi. Akauma jani, krap! Bibi akasoma ile namba mgongoni, akaona huyo ni mkubwa wake kwa miaka mingi. Akainamisha kichwa, akamwambia, "Shikamoo." Hakuwa akitania.

Sasa sikilizeni. Asubuhi tuliposhuka, ufukwe ulikuwa mpana, tukapita kwenye mchanga mkavu. Tulipotoka kwa kobe, mchanga ule haupo! Maji yameufunika, na mashua inaelea pale pale tulipopita kwa miguu. Nikamwuliza kijana, "Nani kafungua maji?" Maana kwetu maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, hayaji shambani mpaka mtu afungue, na kila mmoja ana zamu yake.

"Mzee, haya hayafunguliwi na mtu," akasema. "Maji yanajaa. Mwezi ni mpevu, leo bamvua."

Mwenye kufungua ni mwezi. Mwezi huivuta bahari, na dunia ikijizungusha, maji hujaa na kupwa karibu mara mbili kwa siku. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, jua nalo huvuta kwenye mstari mmoja nao. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana, ndiyo bamvua. Unguja tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita nne hivi. Hebu tazameni paa la nyumba hii: bahari pale hupanda kimo kile, kisha ikashuka.

Basi mtauliza, mlima utapimwaje kwa bahari isiyotulia? Wapimaji huweka kipimo pwani, wakaandika maji yanavyopanda na kushuka kwa miaka, kisha wakatafuta wastani. Wastani huo ndio sifuri. Kuanzia hapo, Moshi mjini iko juu kwa zaidi ya mita 800, na kilele cha Uhuru mita 5,895. Nilivua viatu, nikasimama majini hadi magotini, nikawaza: ninakanyaga mguu wa mlima wetu.

Na mvua hii inayopiga migomba sasa ilikuwa bahari. Upepo hubeba mvuke kutoka Bahari ya Hindi, ukaupandisha mlimani. Huko juu kuna baridi, mvuke ukawa mawingu, mawingu yakamwaga. Maji yanayobaki huteremka kwa vijito mpaka mto Pangani, nao huyarudisha baharini.

Jioni tulirudi Dar es Salaam. Bibi yenu safari hii hakutapika. Alikuwa amepakata chupa aliyoijaza maji ya bahari pale Changuu, hata soda hakutaka kushika. Nenda kailete, iko juu ya kabati, nyuma ya redio. Taratibu. Haya, kila mmoja anyooshe kidole. Tone moja moja tu, yasiishe.