Tupime Huduma ya Zahanati kama Tupimavyo Pamba



Mwanachama apelekapo pamba yake kwenye ghala la chama, hakubali ipimwe pasipo yeye kuiona mizani. Huhakikisha kwamba mshale umesimama kwenye sifuri, kwamba pamba safi haikuchanganywa na fifi, na kwamba uzito ulioandikwa katika stakabadhi ndio uliosomwa. Lakini mwanachama huyo huyo ampelekapo mtoto mgonjwa kwa mganga, mara nyingi hurudi nyumbani pasipo kujua kama huduma aliyopewa ilikuwa ya daraja la kwanza au la pili. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wanachama wa Mugango, yaani wa Kurwaki, Kwibara na Nyang'oma, pamoja na majirani zao, wanavyoweza kuipima huduma hiyo bila ya kumwonea mganga na bila ya kujidanganya wenyewe.

KIPIMO KISICHO SAHIHI

Wengi wetu hukisifu kituo kwa sababu kinatoa sindano na vidonge vingi. Hicho ni kipimo kibovu. Tuchukue mfano wa homa. Zamani kila homa ilitibiwa kama malaria. Siku hizi kipo kipimo cha haraka kinachotumia tone la damu na kutoa jibu kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Endapo jibu ni kwamba malaria haipo, mganga mwema hatatoa dawa mseto. Atatafuta chanzo kingine cha homa hiyo. Basi mzazi aliyerudi bila ya dawa ya malaria huenda amehudumiwa vyema kuliko jirani yake aliyepewa vidonge pasipo kupimwa. Mzazi anayegomba ili apewe dawa hizo anaweza kuufanya ugonjwa wenyewe, kwa mfano nimonia, uendelee kumla mtoto.

MAMBO MATATU YA KUTAZAMA

Mwaka 1966 mtaalamu Avedis Donabedian, aliyezaliwa Beirut na kufanya kazi Marekani, alieleza kwamba ubora wa tiba hutazamwa kwa njia tatu: vitu vilivyopo, kazi inayotendwa, na matokeo yake.

Vitu vilivyopo ni watumishi, maji, vyoo, dawa, vipimo na mizani ya watoto. Haya huonekana kwa macho, lakini peke yake hayatoshi, kwani mizani isiyotumiwa haimfai mtoto.

Matokeo ni kupona, kufa au kubaki na kilema. Haya ni mazito kuliko yote, lakini yahukumiwe kwa uangalifu. Kituo kinachopokea wagonjwa mahututi huweza kuwa na vifo vingi ingawa kinafanya kazi njema.

Kwa hiyo, jambo ambalo mwanachama aweza kulipima vizuri zaidi ni kazi inayotendwa. Asiulizwe, "Je, umeridhika?" bali aulizwe, "Je, umefanyiwa nini?" Maswali yafuatayo yanafaa:

1. Mtoto mwenye kikohozi: je, pumzi zake zilihesabiwa kwa dakika nzima? Mtoto wa miezi 2 hadi 11 mwenye pumzi 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi 5 mwenye pumzi 40 au zaidi, huhesabiwa kuwa anapumua kwa haraka, nayo ni dalili ya nimonia. Je, mzazi aliulizwa kama mtoto anashindwa kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, au amepata degedege?

2. Mwenye homa: je, alipimwa malaria kabla ya kupewa dawa?

3. Mtoto anayehara: je, alipewa dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, pamoja na vidonge vya zinki?

4. Mama mjamzito: je, alipimwa shinikizo la damu, mkojo na wingi wa damu? Je, alielezwa dalili za hatari na mahali pa kukimbilia?

5. Anayekojoa damu: je, mkojo wake ulipimwa kichocho? Sisi tukaao kando ya ziwa hatuna budi kuliuliza swali hili.

6. Kila mgonjwa: je, alielezwa ugonjwa wake, namna ya kutumia dawa, na siku ya kurudi?

UKAGUZI WA SIKU MOJA HAUTOSHI

Watafiti Kenneth Leonard na Melkiory Masatu, katika kazi yao ya Arusha iliyochapishwa mwaka 2006, waliwauliza wagonjwa maswali ya namna hii mara tu walipotoka kwa mganga. Waliona kwamba waganga walifanya kazi vizuri zaidi mtazamaji alipoingia chumbani, lakini baada ya wagonjwa kadhaa wakarudia desturi yao ya kila siku. Fundisho ni kwamba ziara ya wakubwa iliyotangazwa mapema huonyesha kile ambacho mganga aweza kufanya, siyo kile anachofanya kila siku. Mwenye kujua cha kila siku ni mgonjwa.

Serikali nayo imewahi kupima. Mwaka 2015/16 vituo karibu 7,000 vya ngazi ya msingi vilipewa nyota kuanzia 0 hadi 5, na kama theluthi moja havikupata hata nyota moja. Katika upimaji wa pili wa mwaka 2017/18, vilivyofikia nyota 3 na zaidi vilikuwa kama 1 katika kila 5. Maendeleo yalionekana, maana kila kituo kilikuwa kimeonyeshwa upungufu wake.

HAKI KWA MGANGA

Dawa zikikosekana, tusianze kwa kulaumu. Tuulize kwanza leja ya dawa inasemaje: dawa ziliagizwa lini? Ikiwa ziliagizwa kwa wakati kutoka Bohari ya Dawa na hazikuletwa, malalamiko yapelekwe juu. Ikiwa hazikuagizwa, hapo ndipo mganga mfawidhi ana la kujibu.

KAZI YA CHAMA

Mali bila daftari hupotea bila habari, na huduma ni hivyo hivyo. Kila katibu afungue daftari la majibu ya maswali haya sita. Aandike tarehe, kijiji na jibu tu. Jina la mgonjwa na ugonjwa wake visiandikwe kamwe, kwani siri ya mgonjwa ni mali yake. Majibu ya watu thelathini yana uzito kuliko manung'uniko ya mmoja mwenye sauti kubwa.

Majibu hayo yapelekwe kwenye kamati ya usimamizi wa kituo, ambamo wananchi wana wajumbe wao. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 Serikali ilianza kupeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Kwa hiyo kamati inayojua kwamba pumzi za watoto hazihesabiwi, au kwamba vipimo vya mkojo vimekwisha, inaweza kupanga matumizi kwa ushahidi badala ya kukisia.

Pamba ikipunjwa msimu huu, mkulima atalima tena msimu ujao. Mtoto aliyepunjwa tiba hana msimu mwingine. Jambo hili liwekwe katika ajenda za mkutano ujao wa kila chama.